Kuandika kwa Uaminifu Habari za Wagonjwa

Masomo: Luka 1:1–4, Luka 17:11–19



Mtu atokaye Manyoni kuja Kilimatinde hufika mahali ambapo nchi yakatika ghafula, na chini yake bonde laenea kuelekea Bahi mpaka macho yachoke. Ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Zamani Wajerumani walijenga boma lao hapa juu, na baadaye wenzetu wa Kanisa la Anglikana wakawa na hospitali, iitwayo kwa jina la Mtakatifu Yohana. Sisi Walutheri wa upande huu twatibiwa huko pamoja na watu wote. Asubuhi na mapema waweza kuwaona wagonjwa wakija, huyu kwa miguu, huyu nyuma ya pikipiki, huyu ameshikwa mkono na mjukuu wake. Karibu kila mmoja amechukua kitu kimoja kilekile: kadi au daftari, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, au imekunjwa penye pindo la khanga. Na kila hospitali na zahanati ni vivi hivi: mgonjwa afikapo dirishani, neno la kwanza aulizwalo si ugonjwa wake. Huulizwa jina lake.

Juu ya jambo hilo nataka kusema nanyi mwezi huu. Najua wengine watashangaa, wakisema, Kalamu ya karani ina habari gani na Neno la Mungu? Nawaomba mvumilie kidogo.

Katika wale wanne walioandika Injili, mmoja alikuwa tabibu. Paulo atujulisha kazi yake katika barua kwa Wakolosai, sura ya nne. Naye Luka, alipoanza kitabu chake, hakuanza kwa nyota wala kwa malaika. Alianza kwa kueleza jinsi alivyofanya kazi: kwamba wengine walikwisha kuandika kabla yake, kwamba habari zilitoka kwa watu walioona kwa macho, kwamba yeye naye alichunguza kila jambo tangu mwanzo, akaliandika kwa taratibu, ili Theofilo apate kuwa na hakika. Ndivyo asemavyo tabibu mwema anapofungua daftari la mgonjwa. Nani ameona? Lilianza lini? Lipi lilitangulia, lipi likafuata?

Tena someni kitabu chake mkitafuta mambo madogo. Mama mkwe wa Simoni hakuwa na homa tu, ilikuwa homa kali. Mwanamke aliyetokwa na damu, miaka yake ya kuugua imehesabiwa kumi na miwili. Yule aliyepindana mgongo, miaka kumi na minane. Na mtu aliyepooza mkono katika sinagogi, Mathayo na Marko wanatuambia habari zake pia, lakini ni Luka peke yake aliyeandika kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Neno moja tu. Msomaji mwingine hulipita asilione. Walakini mwulizeni mpasuaji yeyote kama neno hilo ni dogo, yeye ambaye mbele yake amelazwa mtu aliyekwisha kulala usingizi wa dawa, asiyeweza kusema tena ni goti gani limwumalo, wala ni jicho gani. Hapo mgonjwa hana kinywa. Kinywa chake ni karatasi.

Sasa tazameni wale wakoma kumi. Bwana aliwaponya wote, wakaenda zao kujionyesha kwa makuhani, kama ilivyoamriwa katika kitabu cha Walawi, ambapo kuhani humtazama mtu, humtenga siku saba, kisha humtazama tena siku ya saba. (Kuhani aliyesahau siku angemfungua mtu mapema, au angemfunga bure.) Mmoja wao alirudi kushukuru. Bwana alimpokea kwa furaha, lakini papo hapo akauliza habari za wale tisa wengine. Mara nyingi tumehubiri juu ya shukrani kwa somo hili, nayo ni haki. Mimi leo nataka tuone kwamba Bwana alijua hesabu. Hakuridhika na mmoja aliyesimama mbele yake. Waliponywa kumi, basi kumi walikuwa moyoni mwake, na tisa wasioonekana wakaulizwa.

Katika nchi yetu swali hilo liliwahi kugeuzwa kuwa kitabu. Mwaka 1977 Tanzania ilianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ukisaidiwa na chama cha mataifa cha kupigana na kifua kikuu. Mshauri wake mkuu alikuwa Dr. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia mwaka 1921, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alitiwa kambini Mauthausen na Wajerumani, naye akaugua kifua kikuu mwenyewe. Dawa zilikuwapo tangu zamani. Shida ilikuwa kwamba watu walianza dawa, wakapata nafuu, wakaenda zao, na hakuna aliyejua walikokwenda. Basi kila wilaya ikawa na kitabu kimoja cha wagonjwa wa kifua kikuu. Kila mgonjwa akapewa namba na mstari wake: jina, umri, kijiji, siku aliyoanza dawa, majibu ya makohozi yake mwanzoni, na tena baada ya miezi kadhaa, na tena mwishoni. Kisha kila baada ya miezi mitatu msimamizi alifungua kitabu, akarudi kwa wale walioanza dawa karibu mwaka mmoja uliopita, akauliza habari za kila mstari. Huyu amepona? Amemaliza dawa? Amekufa? Dawa zimemshinda? Ametoroka? Amehamia wilaya nyingine? Hesabu ya majibu ilipasa kuwa sawasawa na hesabu ya walioanza. Mstari ulioachwa mtupu ulikuwa ni mtu, ikapasa atafutwe.

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kifua kikuu ni hatari kwa ulimwengu wote, na njia iliyopelekwa kwa mataifa baada ya hapo ilifuata kwa sehemu kubwa ile iliyojaribiwa hapa kwetu. Twajivunia kahawa na mlima Kilimanjaro. Ni haki tujivunie na kitabu hiki pia, maana watu wengi sana wa nchi za mbali wameponywa kwa sababu makarani na wauguzi wa Tanzania waliandika mistari yao kwa uaminifu.

Ndugu zangu, mnazijua Amri tangu mlipofundishwa Katekisimu. Ya tano yakataza kuua, na Luther atufundisha ya kuwa haitoshi mtu kutomdhuru jirani yake. Yapasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili wake. Ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Watu wengi hudhani amri hizi mbili zakaa katika nyumba mbali mbali, moja kwa wauaji na moja kwa wasengenyaji. Lakini katika daftari la mgonjwa zimeketi juu ya mkeka mmoja. Aandikaye kwamba mtoto amepimwa uzito, naye hakumpima, ameshuhudia uongo. Na kwa kuwa dawa ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, uongo ule utaingia ndani ya damu ya mtoto.

Mtamkumbuka yule wakili katika Luka sura ya kumi na sita, aliyewaita wadeni wa bwana wake, akamwambia wa kwanza akae upesi aandike nusu ya deni. Wengine hutatizwa na mfano huo, nami sitaufafanua wote leo. Nataka tu mwone jinsi lilivyo jambo jepesi: kukaa, kuandika, upesi. Hakuna damu iliyomwagika, hakuna aliyepiga kelele. Ndivyo ilivyo mwisho wa mwezi katika zahanati nyingi, taarifa inapodaiwa na wilaya. Vile vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo wengi huviita MTUHA tu, ni vingi, na mhudumu huenda ni mmoja, naye amechoka tangu usiku wa jana alipozalisha. Simhukumu. Walakini akijaza kwa kukisia, madhara yatamrudia mlangoni mwake, kwa sababu dawa huagizwa Bohari kwa hesabu ya zilizotumika. Zamani, kabla kipimo cha haraka hakijaenea, karibu kila homa iliandikwa malaria; hivyo homa nyingine zilizokuwa zikiua watoto zikajificha nyuma ya jina moja. Siku hizi hospitali nyingi zimeweka kompyuta. Ni msaada mkubwa, lakini kompyuta hujumlisha uongo na kweli kwa bidii ileile.

Lakini msiseme moyoni, Haya ni ya waganga na wauguzi. Nusu ya makosa huanzia upande wetu wa dirisha.

Kwanza ni majina. Mtu wa Ugogo aweza kuwa na jina alilopewa na bibi yake, na jina la ubatizo, na jina la baba, na jina ambalo marafiki wamemzoea. Leo ajiandikisha kwa hili, mwezi ujao kwa lile, na hospitalini akawa watu wawili, kila mmoja na nusu ya ugonjwa. Pengine desturi hii ya kubadili jina ina mizizi ya zamani. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, na watu wa siku zile walijifunza ya kuwa jina likiandikwa bomani, mtu wa kudai fedha atafuata. Hata Yusufu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kwa sababu ya kuandikwa na Kaisari. Siwalaumu wazee. Lakini kitabu cha mganga si kitabu cha kodi. Humwandika mtu ili kumtafuta akipotea.

Pili ni umri. Wazee wetu walihesabu kwa njaa. Mtu alisema amezaliwa wakati wa Mtunya, yaani ile njaa kuu ya Ugogo ya miaka 1917 hadi 1920, na wote wakaelewa. Lilikuwa neno la kweli kuliko tarehe za kubuni ambazo watu wengine hutaja dirishani ili wasionekane wajinga. Kama hujui mwaka wako, sema hujui, useme na tukio unalolikumbuka.

Tatu, nalisema hili kwa uchungu kidogo, ni kuazimana kadi. Ndugu ana bima ya afya, mwenzake hana, naye anaumwa. Kwa huruma humpa kadi yake aende nayo. Huonekana kama upendo. Lakini damu iliyopimwa ni ya huyu, na jina lililoandikwa ni la yule. Baada ya miaka miwili mwenye kadi aletwa hospitali hana fahamu, nao wasoma daftari lake, wakiona kundi la damu ambalo si lake, na ugonjwa wa sukari asio nao. Ndugu akiwa hana fedha za matibabu, njooni kanisani tuchangishane. Itatugharimu kuku kadhaa na debe la mtama, lakini hakuna atakayeandikwa mwili wa mwenzake.

Na ninyi walimu na wainjilisti, kuna jambo liwapasalo hasa. Mgonjwa hudanganya jina lake akiogopa maneno ya watu. Yuko aliyeacha kliniki ya karibu, akaenda mbali na kujiita jina jingine, kwa kuwa siku moja ugonjwa wake ulitajwa wazi katika maombi ya jumuiya. Waliomba kwa nia njema, sina shaka. Lakini dawa zake zikakatika katikati, kwa sababu kule mbali hapakuwa na habari zake za nyuma. Mwombeeni mgonjwa kwa jina. Ugonjwa wake mwachieni Mungu aujuaye. Tena vitabu vyetu wenyewe, cha ubatizo, cha ndoa na cha wafu, vitazameni. Mtu akikosa cheti cha kuzaliwa huja kwetu kutafuta tarehe yake. Katika Ezra sura ya pili twasoma habari za wana wa makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba, yasionekane, nao wakaondolewa katika ukuhani. Labda kosa halikuwa lao. Labda mtu fulani alichoka jioni moja.

Sasa lazima niseme habari yangu mwenyewe, maana nisipoisema, haya yote yatakuwa maneno ya mtu asimamaye mbali.

Katika ujana wangu, kabla sijaingia kazi ya uinjilisti, nilikuwa karani msaidizi katika zahanati moja, mbali na hapa, ambayo sitaitaja. Makohozi ya wagonjwa yalipelekwa kwa basi kwenye maabara ya mbali, na karatasi za majibu zilirudi mara moja kwa juma. Kazi yangu ilikuwa kuyanakili majibu kitabuni. Walikuwako wanawake wawili wenye jina moja la ubatizo, na majina ya baba zao pia yalifanana. Walitoka vijiji mbalimbali, nami nilikuwa nimewaandika mstari juu ya mstari. Jioni ile nilinakili kwa mwanga wa kandili, nikaruka mstari. Yule aliyekuwa na vijidudu vya kifua kikuu akaandikwa kwamba hana, akaambiwa aende nyumbani anywe dawa ya kikohozi. Yule asiyekuwa navyo akaanzishwa dawa za kifua kikuu.

Hilo lilikuwa kosa. Kila mtu aweza kukosa, na kama ningeishia hapo nisingewasumbua kwa habari hii. Lakini siku ya tatu, nikipanga karatasi, nililiona. Nilikaa nimeishika ile karatasi mkononi. Kijiji cha yule mama kilikuwa mwendo wa nusu siku. Ningeweza kwenda na kurudi kabla ya jua kuzama. Juma lile msimamizi wa wilaya alikuwa anatazamiwa, nami niliogopa kufukuzwa. Nikaenda jikoni nikaichoma karatasi. Tangu saa ile kitabu changu hakikuwa tena kitabu chenye kosa, kikawa kitabu chenye uongo.

Na kilipendeza! Baada ya miezi miwili yule aliyekuwa akimeza dawa za ugonjwa asio nao alipimwa makohozi, yakaonekana safi, kama yalivyokuwa tangu mwanzo. Msimamizi alipofungua kitabu akanisifu mbele ya wenzangu kwa mgonjwa aliyepata nafuu upesi namna ile.

Mwezi wa tatu mama wa kwanza alirudi, amebebwa kwenye baiskeli, anatema damu. Msimamizi aliagiza kitabu cha maabara kiletwe, maana kule nako waliandika, na kitabu chao sikuweza kukichoma. Akaviweka vitabu viwili pamoja juu ya meza, asiniulize neno. Ndipo nikaanguka, nikasema yote.

Nilidhani atang'oa ukurasa. Hakung'oa. Alinipa rula na kalamu, akaniamuru nipige mstari mmoja mwembamba juu ya neno lililokosewa, ili lizidi kusomeka. Nisilikwangue kwa wembe, nisilipake wino juu yake. Pembeni niandike lililo kweli, na tarehe ya leo, siyo ya siku ile, na jina langu. Mkono wangu ulitetemeka. Tangu siku ile, kila ninapowafundisha watoto wa kipaimara habari ya kuungama, nauona ule mstari mwembamba, na neno baya likisomeka chini yake.

Nitataja kwanza yaliyofuata, ndipo niirudie siku ile. Mama alipona kwa dawa. Lakini alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, aliyelala naye kitanda kimoja miezi ile yote, na mwaka uliofuata mtoto akaugua kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Hakuna awezaye kusema kwa hakika aliupata siku gani. Huenda aliupata kabla ya kosa langu. Nimejaribu mara nyingi kujifariji kwa neno hilo. Leo ni mtu mzima mwenye mke na watoto, na mgongo wake umepinda. Huwa naonana naye kila ninapokwenda upande ule, naye hunisalimu vizuri.

Siku ile, baada ya kupiga mstari, nilitoka nje kwa yule mama. Alikuwa ameketi chini karibu na ukuta, amejifunika khanga. Nikapiga magoti nikamweleza: kwamba majibu yake yalikuja kwa kweli, kwamba mimi niliyaandika kwa mwingine, kwamba nililijua siku ya tatu, na kwamba karatasi niliichoma. Alinyamaza muda mrefu, akikohoa. Nilingojea laana. Akasema, "Basi, mwanangu, niandike tena. Safari hii uniandike sawasawa."

Nikaingia ndani, nikachukua kitabu, nikarudi nikaketi chini karibu naye. Nikamwuliza jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake, na kijiji, na jina la balozi, na mti gani ulio karibu na nyumba yake.